Wiki ya Kwanza Darasani Ugenini: Kutoka Gitega na Muyinga hadi Dar es Salaam

Kila mwaka, masomo yanapokaribia kuanza, wanafunzi wanaojiandaa kwenda nje kusoma shahada ya uzamili ya Kiswahili hutujia na maswali yale yale. Ada ni kiasi gani? Bweni linapatikana vipi? Chakula cha huko kikoje? Ni maswali ya maana na yana majibu yake. Lakini lipo swali moja ambalo hakuna anayetuuliza, na ambalo nasi hatukumwuliza mtu kabla ya kuondoka: je, Kiswahili nilicho nacho kitanifikisha hadi Ijumaa ya wiki ya kwanza?

Sisi tulioandika makala haya ni wawili. Mmoja ni mwenyeji wa Gitega, mwingine wa Muyinga. Tuliondoka pamoja Oktoba 2018 kwenda kusoma katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na leo tunafundisha Kiswahili, kila mmoja katika mji wake. Tumeamua kusimulia wiki ile na kueleza yaliyotupata kwa jicho la mwalimu wa lugha, kwa sababu tunaona wanafunzi wetu wakielekea kujikwaa palepale tulipojikwaa sisi. Hoja yetu ni moja. Mrundi anayekwenda kusoma Kiswahili hakwamishwi na ugeni wa lugha hiyo. Hukwamishwa na ujirani wake na Kirundi. Na ujirani huohuo, ukichunguzwa vizuri, ndio unaomkwamua.

Kiswahili tulichoondoka nacho

Kiswahili si mgeni wa jana katika Burundi. Kilifika na wafanyabiashara, kisha kikatumiwa na Wajerumani walipoitawala nchi hii kama sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala Gitega, mji ambao wakati ule uliandikwa Kitega, na askari na makarani waliokuja nao walizungumza Kiswahili. Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916, Kiswahili kilibaki katika biashara na katika mitaa ya miji, huku Kifaransa kikishika ofisi na shule. Baadaye, katika miaka ya 2000, wakati Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki (2007), Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi.

Pamoja na hayo, Kiswahili cha Gitega na cha Muyinga hakikutufikia kwa njia moja. Mwenzetu wa Gitega alikulia nyumba ya Kirundi, akasomeshwa kwa Kifaransa, na Kiswahili kilipoingizwa shule za msingi yeye alikuwa amekwisha kuzipita. Alikutana nacho chuoni, katika vitabu. Alikuwa na sarufi ya kuandika, lakini kila sentensi aliipanga kichwani kwanza, na alipokuwa tayari kuitamka mazungumzo yalikuwa yamekwisha kwenda mbali.

Yule wa Muyinga alikuwa kinyume chake. Muyinga iko kaskazini-mashariki, kwenye barabara iendayo mpaka wa Kobero, nayo wakati ule ilikuwa makao makuu ya mkoa wa jina hilo, kabla ya mikoa ya Burundi kupunguzwa kuwa 5 mwaka 2025. Malori ya kutoka Dar es Salaam hupita huko. Wapo pia watu wengi waliowahi kuishi katika kambi za wakimbizi za Ngara na Kigoma na kurudi na Kiswahili. Mwenzetu alijua kununua, kuuza, kutania na kugombana kwa Kiswahili tangu utotoni. Hakuwahi kufikiri kwamba ana la kujifunza katika kuongea. Njia nzima alimcheka mwenzake kwa ukimya wake.

Saa moja iliyopotea mpakani

Tuliondoka Muyinga siku ya Ijumaa, tukavuka Kobero na kuingia Kabanga, upande wa Tanzania. Yapo mambo mawili ambayo hubadilika pale mpakani. La kwanza ni upande wa barabara: Burundi magari hupita kulia, Tanzania hupita kushoto. Aliyezoea Burundi hutazama kushoto kwanza anapotaka kuvuka, kumbe gari lililo karibu naye linatoka kulia. La pili ni saa. Tanzania iko mbele ya Burundi kwa saa moja. Kirundi na Kiswahili huhesabu saa kwa namna moja, isaha zibiri ni saa mbili, na kwa hiyo hakuna kitu masikioni kinachomzindua msafiri kwamba saa mbili ya huku siyo saa mbili ya kule.

Tulishuka Ubungo Jumapili usiku tukiwa hoi. Simu zetu hazikuwa na laini ya Tanzania, na saa ya mkononi tuliyoitegemea ilikuwa bado inasoma wakati wa nyumbani. Mhadhara wa kwanza ulipangwa saa mbili asubuhi ya Jumatatu. Tulifika mlangoni dakika tano kabla, kwa hesabu yetu. Ndani tuliwakuta wenzetu wakifunga madaftari.

Mhadhiri hakutukaripia. Alitutaka tujitambulishe tu na kueleza tumekuja kufanya nini. Yule wa Gitega, aliyekuwa ameitayarisha sentensi yake tangu Kahama, alisimama na kusema kwa sauti safi: "Tumekuja kuiga Kiswahili."

Darasa zima likacheka.

Maneno ndugu yenye tabia tofauti

Katika Kirundi, kwiga ni kujifunza, kusoma shuleni. Naje kwiga Igiswahili ni sentensi isiyo na doa. Katika Kiswahili, kuiga ni kufanya kama mwingine afanyavyo, kama kasuku au kama mtoto anayeigiza mwendo wa babu yake. Maneno haya mawili yanafanana kwa sura, na hata maana zake hazikuachana sana, kwani anayejifunza huanza kwa kuiga. Lakini ukiyabadilisha unajikuta umejitambulisha kuwa mwigaji mbele ya watu ambao utakaa nao miaka miwili.

Hatukuwa wajinga wa neno kujifunza. Tulilijua wote wawili. Ila mtu anapobanwa na haya, ulimi hukimbilia nyumbani, na kwa kuwa Kirundi na Kiswahili ni lugha za Kibantu, ukifika nyumbani unakuta neno linalofanana na unalolitafuta. Mfaransa anayekosea Kiswahili hujua kwamba amekosea, maana neno lake halifanani na lolote. Mrundi hukosea huku akijiamini.

Wiki ile tulikutana na mengine ya aina hiyo. Kirundi guteka ni kupika. Kiswahili kuteka ni kuchota maji kisimani, au kumchukua mtu kwa nguvu. Tulipowaambia wenzetu wa bweni kwamba jioni tutateka wali, waliuliza tutamdai nani fidia. Kirundi igiti ni mti. Kiswahili kiti ni cha kukalia, na kwa Kirundi hicho huitwa intebe. Kirundi ejo ni jana na pia ni kesho, na msikilizaji huelewa kutokana na maneno yanayofuata. Kiswahili hutaka uchague.

Lililotugharimu zaidi ni kuja. Katika Kirundi, kuja ni kwenda, na kuza ndiko kuja. Jumanne mwanafunzi mwenzetu, aliyekuwa amekwenda Kariakoo dukani kwa shemeji yake, alitupigia simu kuuliza tuko wapi. Tulikuwa tunaelekea Kariakoo kwa shughuli zetu, kununua ndoo na neti ya mbu. Tukamjibu: "Tunakuja Kariakoo." Sisi tulikuwa tunamwarifu tuendako. Yeye alielewa kwamba tunamfuata. Alisimama kituoni kutusubiri kwa muda mrefu, na jioni alipotuona na ndoo zetu alitusalimu kwa ufupi sana. Ilitubidi twende na somo zima la vitenzi vya Kirundi ili kuurudisha urafiki.

Sauti zinazotutambulisha

Kabla hata ya maneno, sauti zilikuwa zimekwisha kutaja tulikotoka. Zipo mbili tunazotaka kuzieleza.

Ya kwanza ni tofauti ya r na l. Kirundi hakizitumii sauti hizi mbili kutofautisha maneno kama Kiswahili kinavyofanya. L huonekana zaidi katika majina na maneno ya kukopa. Kwa hiyo Mrundi huweza kuitamka moja mahali pa nyingine bila kusikia tofauti. Jumanne hiyo hiyo, tukitafuta chumba cha kupanga nje ya chuo, tulimwambia mzee mmoja kwamba tunatafuta mahari. Alitutazama, akatuuliza kwa upole binti ni wa nani. Tulikuwa tunatafuta mahali.

Ya pili ni ile inayomfanya Mrundi aseme gitabu badala ya kitabu, gusoma badala ya kusoma. Wengi huichukulia kuwa lafudhi mbaya tu. Kumbe ni kanuni. Tazama majina ya lugha katika Kirundi: Ikirundi, lakini Igiswahili na Igifaransa. Kiambishi ni kilekile. Kinapofuatwa na silabi inayoanza na konsonanti ghuna, kama r, kinabaki na k. Kinapofuatwa na konsonanti isiyo ghuna, kama s au f, k inageuka kuwa g. Ndivyo ilivyo pia kwa ku- na tu-: kugenda lakini gusoma, tugenda lakini dusoma. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeitambua katika Kinyamwezi, naye Carl Meinhof akaitangaza kwa jina hilo mwaka 1903. Kiswahili sanifu hakina kanuni hii, Kirundi kinayo, na Kikuyu kinayo pia; ndiyo maana wenyewe huiita lugha yao kwa g mwanzoni.

Haya tunayaeleza leo kwa utulivu. Jumanne ile hatukuwa na utulivu. Mwanafunzi mmoja, kwa nia njema kabisa, alipotusikia tukizungumza alituuliza: "Ninyi mlikuwa kambi gani, Nyarugusu au Nduta?" Hatukuwa tumekaa kambi yoyote. Kuwa mkimbizi si aibu, na tunao ndugu waliopitia huko. Lakini swali lilituonyesha kwamba, kabla hatujasema lolote la kitaaluma, matamshi yetu yalikuwa yamekwisha kutupangia mahali pa kukaa. Kuanzia hapo tulipunguza kusema. Yule wa Gitega alinyamaza kwa sababu ndivyo alivyozoea. Yule wa Muyinga alinyamaza kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Adabu na viambishi vyake

Ukimya haukutuokoa, kwani mwanafunzi hana budi kumwendea mhadhiri wake. Jumatano tulibisha hodi ofisini. Kirundi humheshimu mtu mzima kwa kumwita kwa wingi. Mwaramutse huambiwa mtu mmoja anayestahiki heshima. Kifaransa nacho kina mtindo huo. Tukiwa na lugha mbili zinazokubaliana, tulimwambia mhadhiri: "Tafadhali, jana mlisema mtatupa orodha ya vitabu." Mhadhiri aligeuka kutazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine.

Kiswahili sanifu hakibebi heshima katika wingi wa nafsi ya pili. Kinaibeba kwingine: katika shikamoo, katika kumwita mtu kwa cheo au kwa jina la udugu, na katika kitenzi cha kuomba. Kwa mtu mzima, "nipe orodha" ni amri hata ukiisema kwa sauti laini, na "nataka orodha" haina nafuu sana. "Naomba orodha, Mwalimu" ndiyo inayofungua mlango. Sokoni Muyinga nipe inatosha, maana fedha iko mkononi. Ofisini huna fedha mkononi. Una ombi tu.

Kiswahili cha soko na Kiswahili cha mhadhara

Jumatano hiyo ndiyo iliyokuwa siku ngumu kuliko zote. Mhadhara ulikuwa wa fonolojia na mofolojia, wa saa mbili mfululizo. Mambo yaliyofundishwa hatukuyaona mapya. Tulikuwa tumeyasoma nyumbani kwa Kifaransa na kuyafanyia mitihani. Lakini mhadhiri alisema irabu, kiyeyusho, king'ong'o, mzizi, kiambishi awali, upatanisho wa kisarufi, na kila neno lilipopita tulilazimika kulikimbiza hadi kwenye Kifaransa, tukifika tunakuta ametangulia maneno matatu mbele. Mwenzetu wa Gitega, aliyekuwa amesoma vitabu, alishika kama nusu. Yule wa Muyinga, msemaji wetu, hakushika hata robo.

Hapa ndipo tunapotaka walimu wasimame kidogo. Mtu anaweza kuzungumza Kiswahili tangu utoto na bado akawa mgeni wa Kiswahili cha mhadhara. Sokoni sentensi ni fupi, na kitu kinachozungumzwa kinaonekana kwa macho. Usipoelewa unanyoosha kidole. Katika mhadhara sentensi ni ndefu, kinachozungumzwa hakionekani, na usipoelewa hakuna cha kunyooshea kidole. Hizi ni stadi mbili. Ya kwanza haizai ya pili yenyewe.

Mwishoni mwa kipindi mhadhiri aligawa mada za semina. Wasilisho lingekuwa na alama zake katika matokeo ya muhula. Usiku ule mwenzetu wa Muyinga aliandika barua ya kuomba kubadilisha kozi, ahamie fani ambayo haifundishwi kwa Kiswahili. Aliandika kwamba Kiswahili chake "kilikuwa cha barabarani". Tulibishana hadi usiku wa manane. Barua ikaingia kwenye begi, ipelekwe Ijumaa baada ya vipindi.

Ijumaa: Kirundi kinaingia darasani

Ijumaa kulikuwa na zoezi la upatanisho wa kisarufi. Mhadhiri aliandika ubaoni sentensi iliyokosewa makusudi, ya namna inayosikika katika miji mingi mbali na pwani: "Vitabu yangu nzuri imepotea." Akauliza ni nani anaweza kuisahihisha na, zaidi ya hapo, kueleza kwa nini wasemaji huisema hivyo.

Mwenzetu wa Muyinga aliitazama sentensi ile akajiona yeye mwenyewe. Ndivyo alivyosema maisha yake yote: kitabu yangu, jina yangu, vitu yote. Kisha akasema kwa sauti ndogo, akituelekea sisi zaidi kuliko darasa: "Lakini kwa Kirundi nisingeweza kusema hivyo." Mhadhiri alisikia. Akampa chaki.

Akaandika: Ibitabo vyanje vyiza vyaratakaye. Chini yake akaandika: Vitabu vyangu vizuri vimepotea. Vya juu na vya chini vikaenda sambamba, vy kwa vy, kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho. Akaendelea: igitabo canje, kitabu changu, izina ryanje, jina langu, amazina yanje, majina yangu. Hakuna Mrundi, hata mtoto mdogo, anayevuruga upatanisho huu katika Kirundi. Kiswahili cha biashara ndicho kilichouacha njiani, kwa sababu kilitumiwa na watu wa lugha nyingi waliotaka kuelewana haraka. Mwenzetu alikuwa amejifunza ngeli zote kwa mama yake, akaziweka kando kila alipovuka kwenda sokoni.

Mhadhiri aliliuliza darasa: ni wapi ulinganifu huu unavunjika? Hapo akasimama yule wa Gitega. Unavunjika kwa viumbe wenye uhai. Kirundi husema inka yanje, kwa kufuata ngeli ya neno lenyewe. Kiswahili sanifu humpandisha ng'ombe hadi ngeli ya watu, ng'ombe wangu amepotea. Akaongeza kwamba Kirundi kina akana na utwana, kwa mtoto mdogo na watoto wadogo, ngeli ambazo Kiswahili sanifu hakina, kikitumia ki- na vi- badala yake. Mhadhiri akamwomba aeleze pia kwa nini Warundi husema gitabu. Ndipo Kanuni ya Dahl ilipoingia. Nusu ya darasa walitoka nyumba za Kisukuma, Kihaya, Kiha na Kinyamwezi; ghafla kila mmoja alianza kutafuta mifano katika lugha ya kwao. Mwanafunzi kutoka Kasulu aligundua kwamba Kiha chake na Kirundi chetu vinaelewana bila mkalimani. Na yule aliyetuuliza habari za kambi alikuja baada ya kipindi kuomba tumwandikie ile mifano ya igi- na iki-.

Barua haikupelekwa. Jioni ile tuliigeuza, na upande wake wa nyuma tukachora safu tatu: Kirundi, Kifaransa, Kiswahili. Neno la kwanza tuliloandika lilikuwa kwiga.

Ushauri kwa walimu na wanafunzi

Kutokana na yaliyotupata, na kutokana na miaka kadhaa ya kufundisha baada ya hapo, tungependa kupendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, orodha ya maneno ndugu yenye maana tofauti ifundishwe mapema, na iandikwe na wanafunzi wenyewe. Sisi huwapa maneno sita tu, kwiga, guteka, kuja, kuza, igiti na ejo, kisha tunawaagiza walete mengine. Orodha ya kukabidhiwa husahaulika. Ile ambayo mwanafunzi ameicheka mwenyewe hukaa.

Pili, tusiifukuze lugha ya kwanza katika somo la sarufi. Ipo mazoea ya kuwaadhibu wanafunzi wanaotaja Kirundi katika kipindi cha Kiswahili. Katika mazungumzo, agizo la kutumia Kiswahili peke yake lina faida. Katika ngeli lina hasara, kwani tunamnyang'anya mtoto chombo alichokuja nacho. Mpe sentensi ya Kirundi, mwambie apigie mstari kila kiambishi kinachorudia ngeli ya nomino, ndipo aihamishie katika Kiswahili.

Tatu, makosa ya matamshi yaelezwe, yasichekwe. Anayeambiwa "sema kitabu, siyo gitabu" huona haya. Anayeelezwa kwamba lugha yake ina kanuni yenye jina na kwamba Kiswahili hakina kanuni hiyo, huona kazi ya kufanya. Kwa r na l, jozi kama mahali na mahari, kula na kura, zifanyiwe mazoezi ya kusikiliza kabla ya kutamka, kwa maana asiyesikia tofauti hawezi kuitoa.

Nne, wanaokwenda kusoma uzamili wazoeshwe kusikiliza Kiswahili kirefu. Mwalimu asome au azungumze kwa dakika ishirini juu ya mada ya isimu, wanafunzi wakiandika muhtasari, bila Kifaransa. Istilahi zijifunzwe ndani ya maelezo, si katika orodha tupu. Tungekuwa tumefanya hivyo mara kumi tu kabla ya kuondoka, Jumatano yetu isingekuwa ile.

Tano, tunawaomba wenzetu wanaopokea wanafunzi kutoka nje wawaulize siku ya kwanza ni lugha zipi wanazozijua, kisha wazitumie darasani. Mgeni aliyepewa kazi huacha ugeni mapema.

Na wanafunzi wanaoondoka mwaka huu, tunawaambia mambo madogo yasiyo ya kitabuni: ukishavuka Kobero sogeza saa yako mbele, tazama kulia kabla ya kuvuka barabara, mwamkie mtu mzima kwa shikamoo, na ombi lako lianze kwa naomba. Usinyamaze kwa sababu ya kucheka kwa wenzako. Kicheko cha Jumatatu kwetu kilikwisha siku ileile; kilichokaa hadi Ijumaa ni ukimya wetu wenyewe.

Hitimisho

Tangu mwaka 2021, UNESCO imeitambua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila ifikapo siku hiyo husemwa mengi juu ya lugha inayotuunganisha. Sisi tunakubali. Tunachoongeza ni kwamba lugha hiyo haituunganishi kwa kutuondolea zile tulizokuja nazo. Mwenzetu wa Muyinga alijivunia Kiswahili chake na kukiona Kirundi kuwa cha nyumbani tu. Ilipofika siku ya haja, Kirundi ndicho kilichomsimamisha ubaoni.

Wanafunzi wetu wakituuliza sasa kama tulikwenda kuiga au kujifunza, tunawajibu kwamba wiki ya kwanza tuliiga, kisha tukajifunza. Tunawatakia safari njema na masomo mema.